Barua ya wazi kwa wanaotia saini milo ya wengine

Kwenu mnaopanga, mnaonunua na mnaoidhinisha chakula cha shule, hospitali, magereza, kambi na mabweni.

YAH: KUINGIZA NYUZINYUZI KATIKA VIWANGO VYA MLO NA MASHARTI YA ZABUNI

Waheshimiwa,

Kabla hamjaendelea kusoma, naomba mchukue mwongozo wa mlo mnaoutumia sasa muuweke mezani. Mimi ni mtaalamu wa lishe, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni karatasi za aina hiyo: ratiba ya mlo ya wiki, kipimo cha resheni kwa kila mtu, masharti ya mzabuni. Zina safu ya nishati kwa kilokalori. Zina protini kwa gramu na mafuta kwa gramu. Zikiandaliwa na mtu makini zina madini ya chuma, zinki, iodini na vitamini A. Kisha panakuja sahihi na muhuri. Safu ya nyuzinyuzi, zile sehemu za mmea ambazo mwili wa binadamu hauwezi kuzimeng'enya wenyewe, mara nyingi haipo kabisa. Mzabuni akileta unga uliokobolewa hadi ukabaki wanga mtupu, kilokalori zinatimia, karani anatia alama ya vema, na hakuna atakayeulizwa.

Barua hii inaomba safu hiyo iwepo, iwe na namba, na namba hiyo ikaguliwe. Nitaeleza sababu, na niseme mapema kwamba nitataja kinyesi mara kadhaa. Mficha uchi hazai.

Tuanzie ndani ya utumbo. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba bakteria tulionao ni mara 10 ya seli zetu wenyewe. Mwaka 2016 wanasayansi wa Taasisi ya Weizmann nchini Israeli walirudia hesabu hiyo wakapata makadirio ya bakteria trilioni 38 kwa seli trilioni 30 za mwanamume wa kilo 70, na uzito wa bakteria hao wote ni kama gramu 200 tu. (Kama ile "mara 10" bado imo kwenye slaidi za semina zenu, ifuteni.) Karibu wote wanaishi kwenye utumbo mpana, na hapo ndipo ilipo hoja yangu, kwa sababu utumbo mpana hula kilichobaki. Sukari, wanga laini, protini na mafuta kwa sehemu kubwa huishia kwenye utumbo mwembamba; zikishafyonzwa pale, bakteria wa chini hawazioni. Kinachowafikia ni kile tulichoshindwa kukimeng'enya: maganda ya nafaka, ngozi za kunde, kuta za seli za mboga na matunda, na ule wanga mgumu unaopatikana kwenye ndizi mbichi au chakula cha wanga kilichopikwa kikapoa. Mnaweza kabisa kumshibisha mtu mkawaacha hao na njaa. Mkate mweupe, nyama na kinywaji chenye sukari vinafanya hivyo kwa ufanisi mkubwa.

Na hao walio chini ndio wenye zana. Jenomu ya binadamu ina vimeng'enya visivyofika 20 vya kuvunja kabohaidreti za chakula; bakteria mmoja tu, Bacteroides thetaiotaomicron, ambaye ni mkazi wa kawaida wa matumbo yetu, ana zaidi ya 200. Yeye na wenzake wakizipata nyuzinyuzi huzichachua, na zao la kuchachua huko ni asidi fupi za mafuta: asetati, propionati na butireti. Gesi pia, na kwa bahati mbaya hiyo ndiyo sehemu watu wanayoijua zaidi. Asetati na propionati huingia kwenye damu zikafika kwenye ini na kwingineko. Butireti haiendi mbali, na ndiyo ninayotaka muikumbuke. Seli za ukuta wa utumbo mpana hupata takriban asilimia 70 ya nishati yao kutoka kwayo. Zinapoichoma hutumia oksijeni nyingi, hivyo ndani ya utumbo oksijeni inabaki kidogo mno. Wakazi wetu wengi wenye manufaa hawaitaki oksijeni, ilhali Salmonella na jamaa zake wananufaika nayo. Maana yake ni kwamba seli iliyolishwa vizuri inawafungia mlango wavamizi, na chakula chake kinatoka kwa bakteria, na chakula cha bakteria kinatoka kwenye sahani mliyoiidhinisha. Mwaka 2013 ilionyeshwa pia kwa panya kwamba butireti huongeza katika utumbo zile seli za kinga ambazo kazi yake ni kutuliza, zinazozuia kinga ya mwili isiugeukie mwili wenyewe.

Bakteria wakinyimwa nyuzinyuzi hawafi wote, na hilo ndilo baya zaidi. Ukuta wa utumbo umefunikwa na ute, na ute huo umejengwa kwa protini zilizobeba sukari nyingi. Wapo bakteria wanaoweza kula nyuzinyuzi na wanaoweza pia kula ute. Ng'ombe aliyekosa malisho hula nyasi za paa la banda. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzao wa Luxembourg walichukua panya waliokuzwa bila bakteria wa aina yoyote, wakawapandikizia aina 14 za bakteria wa binadamu, kisha wakawalisha vyakula tofauti. Kwa walionyimwa nyuzinyuzi, ute ulikonda hadi bakteria wakasogea karibu na seli za ukuta. Walipoambukizwa Citrobacter rodentium, kimelea wa panya anayeshambulia utumbo kwa namna inayofanana na aina za E. coli zinazoharisha watu, waliugua vibaya hadi kufa, wakati wenzao waliokula chakula chenye nyuzinyuzi za mimea walistahimili.

Kuna kipengele kimoja katika jaribio hilo ambacho ningependa maofisa manunuzi wakisome mara mbili: nyuzinyuzi zilizosafishwa na kuongezwa kwenye chakula kama unga hazikuuokoa ute. Panya ni panya, na mimi si mtu wa kuhamisha matokeo ya panya moja kwa moja hadi wodini. Lakini mzabuni atakayewaambia kwamba ataendelea kuleta mlo uleule mweupe na kunyunyizia juu yake unga wa inulini, yaani nyuzinyuzi zilizosafishwa, mwambieni athibitishe.

Mwaka huohuo 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitazama jambo hili kwa vizazi. Walilisha panya chakula chenye nyuzinyuzi chache, wakawazalisha, wakawalisha watoto wao vilevile. Kila kizazi kilirithi aina chache za bakteria kuliko kilichotangulia. Kufikia kizazi cha nne, kurudisha nyuzinyuzi peke yake hakukuwarudisha waliopotea. Ilibidi bakteria wenyewe wapandikizwe upya. Nawaandikia ninyi badala ya kumwandikia mlaji mmojammoja kwa sababu hiyo hasa. Mama anayekula miaka kadhaa kwa ratiba ya taasisi anamrithisha mtoto zaidi ya rangi ya macho.

Sasa tuje kwa binadamu, maana najua mtauliza.

Hoja ya nyuzinyuzi si ngeni. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, na ambaye mwaka 1958 alieleza aina ya saratani ya watoto inayoitwa kwa jina lake hadi leo, alianza kujiuliza kwa nini magonjwa ya utumbo yaliyojaa hospitali za Uingereza hayakuwa yakionekana kwa wagonjwa wake wa vijijini. Katika miaka ya 1970 yeye na wenzake walipima uzito wa kinyesi na muda ambao chakula kinachukua kupita tumboni, wakalinganisha jamii na jamii. Wengi walimcheka, daktari anayeonyesha picha za kinyesi mbele ya mabingwa wenzake hakosi kuchekwa. Alidhani siri kubwa ni kasi ya kupita na wingi wa mzigo. Kuhusu butireti na wale walioitengeneza, zama zake hazikuwa na zana za kuona.

Zana zilipopatikana, lilifanyika jaribio ambalo kama mngekuwa na muda wa kusoma moja tu, ningewapa hilo. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015. Wakati huo saratani ya utumbo mpana ilikuwa ikiwapata Wamarekani Weusi kwa kiwango cha takriban watu 65 katika kila 100,000, na wakazi wa vijijini Afrika Kusini kwa chini ya watu 5 katika idadi hiyohiyo. Stephen O'Keefe wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh na wenzake walichukua watu 20 kutoka kila upande, wote watu wazima wa makamo, wakawabadilishia vyakula. Wamarekani walipikiwa mlo wa nyuzinyuzi nyingi na mafuta kidogo wa kijijini KwaZulu-Natal. Wale wa KwaZulu-Natal walipikiwa mlo wa Kimarekani wenye nyama na mafuta mengi. Nyuzinyuzi za Wamarekani zilipanda kutoka gramu 14 hivi kwa siku hadi 55. Za Waafrika Kusini zilishuka kutoka 66 hadi 12. Wote walikaguliwa utumbo kwa kamera kabla na baada.

Muda wote wa kubadilishana ulikuwa wiki 2.

Kwa wiki hizo 2, butireti ya Wamarekani iliongezeka takriban mara mbili na nusu, na ya Waafrika Kusini ikapungua kwa nusu. Dalili za uvimbe wa mchochota (si uvimbe wa saratani) kwenye ukuta wa utumbo, na kasi ya seli za ukuta kugawanyika, ambayo ni kipimo cha hatari ya saratani baadaye, zilishuka kwa Wamarekani na kupanda kwa wenzao. Hakuna aliyepata wala kupona saratani katika wiki 2, na watafiti hawakudai hivyo. Lakini angalieni jaribio hilo lilivyoendeshwa: watu wazima walipikiwa na jiko la pamoja, kwa ratiba iliyoandikwa na mtu mwingine. Hiyo ndiyo kazi yenu ya kila siku. Tofauti ni kwamba kwenye jaribio kulikuwa na mtu wa kupima.

Mabadiliko huanza hata mapema zaidi ya hapo. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani waliwapa watu wachache waliojitolea mlo wa vyakula vya wanyama pekee au vya mimea pekee kwa siku 5. Jamii ya bakteria ilianza kugeuka ndani ya siku moja tangu chakula kipya kifike chini. Katika mlo wa nyama, mayai na jibini waliongezeka bakteria wanaostahimili nyongo, akiwemo Bilophila wadsworthia, anayehusishwa na uvimbe wa utumbo kwa panya. Walipoacha, hali ilirudi ilivyokuwa baada ya siku chache. Anayetaka kunijibu kwamba suala hili ni la mpango wa miaka 20 ijayo, basi hilo linamkatalia.

Kuhusu afya kwa ujumla sitawachosha. Shirika la Afya Duniani liliagiza uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet, uliokusanya tafiti 185 za kufuatilia watu kwa muda mrefu na majaribio 58. Waliokula nyuzinyuzi nyingi, wakilinganishwa na waliokula chache, walikuwa na upungufu wa asilimia 15 hadi 30 katika vifo vya sababu zote, ugonjwa wa moyo, kiharusi, kisukari cha aina ya pili na saratani ya utumbo mpana, na faida kubwa zaidi ilionekana kwenye gramu 25 hadi 29 kwa siku. Mwaka 2023 Shirika hilo likaweka namba: angalau gramu 15 kwa siku kwa mtoto wa miaka 2 hadi 5, gramu 21 kwa wa miaka 6 hadi 9, gramu 25 kuanzia miaka 10 na kuendelea, zote zitokane na chakula chenyewe. Namba zipo. Hazihitaji kamati mpya.

Niingie wodini, kwa sababu huko ndiko nilikokaa zaidi na ndiko ninakokereka zaidi. Mgonjwa anapewa antibiotiki, na mara nyingi anazihitaji kweli. Hazibagui, huua anayeumiza na anayelinda. Siku hizohizo anawekwa kwenye "mlo laini". Kwa aliyetoka kwenye upasuaji wa tumbo, mwenye utumbo ulioziba au ulio na vidonda vikali, mlo laini ni tiba na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na mlo laini usio na tarehe ya mwisho. Kadi inaandikwa siku ya kulazwa, hakuna anayeirudia, na mgonjwa wa mapafu asiye na tatizo lolote la tumbo anakaa wiki nzima kwa uji mweupe, mkate mweupe na juisi iliyochujwa. Tumbo linafunga, muuguzi anaomba dawa ya kulainisha choo, dawa inaandikwa. Dawa hiyo ina safu kwenye karatasi. Chakula ambacho pengine kingeifanya isihitajike hakina.

Bakteria wakishafagiliwa, nafasi yao inaweza kushikwa na Clostridioides difficile, anayeleta kuharisha kunakoweza kuua. Ushahidi wa wazi kwamba jamii ya bakteria ndiyo kinga dhidi yake ulitoka Uholanzi mwaka 2013. Wagonjwa ambao ugonjwa huo ulikuwa ukiwarudia walipewa kinyesi kilichochujwa cha mtu mwenye afya kupitia mrija. Kati ya 16, waliopona baada ya mara moja walikuwa 13, na wengine 2 walipona baada ya mara ya pili. Waliotibiwa kwa antibiotiki ya vankomaisini peke yake walipona 4 kati ya 13. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu tofauti ilikuwa kubwa mno kuendelea kuwanyima wengine.

Hapa ndipo wauzaji wa chupa wanapojitokeza, na naomba muwe macho nao. Bakteria wa kununua wamethibitika kusaidia katika hali chache mahususi, wakiwa wa aina mahususi. Kuwapa kila anayemeza antibiotiki ni jambo jingine. Mwaka 2018 watafiti wa Israeli waliwapa watu wenye afya antibiotiki, kisha wakawagawa: waliomeza mchanganyiko wa bakteria wa dukani baada ya dozi walichelewa kurudisha jamii yao ya asili kuliko walioachwa warudi wenyewe. Fedha za chupa hizo, kama mnazo, zipelekeni jikoni. Na kama kuna anayewashawishi mnunue vipimo vya kuchora ramani ya bakteria wa kila mwanafunzi au kila mfanyakazi, muulizeni ni tiba gani au mlo gani utabadilika kwa sababu ya majibu hayo. Jibu la kweli kwa sasa ni kwamba kila mtu ataambiwa ale kunde na mboga zaidi, na hilo nimewaambia bure.

Nisieleweke vibaya: simo katika kundi la wanaosema bakteria wa tumbo wanatibu huzuni, unene na kila kilicho katikati. Mengi yanayotangazwa yanatoka kwa panya, au kwenye ulinganisho ambao hausemi kipi kimesababisha kipi. Naomba safu moja kwenye karatasi, sikuja kuwauzia muujiza.

Kwa watoto jambo hili lina uzito wa aina yake. Maziwa ya mama yana sukari changamano, zile zinazoitwa oligosakaridi, kiasi cha gramu 5 hadi 15 kwa lita, na katika vitu vigumu vilivyomo zinashika nafasi ya tatu baada ya laktosi na mafuta. Mtoto hawezi kuzimeng'enya. Zimewekwa kwa ajili ya bakteria wake, hasa jamii ya Bifidobacterium, ambao nao hulinda utumbo wake. Yaani hata chakula cha kwanza cha binadamu kina fungu la wakazi wake. Sisi ndio tunaoliondoa fungu hilo mtoto anapofika shule.

Tulio kwenye lishe tulizoea kufikiri utapiamlo ni suala la kujaza kilichopungua. Kisha mwaka 2013 yakaja matokeo kutoka Malawi, ambako jozi 317 za pacha zilifuatiliwa hadi umri wa miaka 3. Kuna jozi ambazo mmoja alipata kwashakoo na mwenzake hakupata, nyumba moja, chungu kimoja. Bakteria wa pacha mgonjwa walipopandikizwa kwa panya wanaolishwa chakula cha aina ileile ya kijijini, panya hao walikonda sana. Bakteria wa pacha mzima hawakufanya hivyo. Chakula cha tiba chenye karanga kiliwapa nafuu panya waliokonda, lakini waliporudishwa kwenye mlo wa awali nafuu haikudumu.

Timu ya mtafiti Jeffrey Gordon wa St. Louis nchini Marekani, iliyoongoza kazi hiyo, ikaungana na Tahmeed Ahmed na wenzake wa Bangladesh kutafuta chakula kinachowalenga bakteria ambao mtoto mwenye utapiamlo hana au wamedumaa. Walichofikia ni mchanganyiko wa unga wa dengu, unga wa soya, karanga na ndizi mbichi. Mwaka 2021 walitoa matokeo ya watoto wa miezi 12 hadi 18 wenye utapiamlo wa wastani waliolishwa mjini Dhaka kwa miezi 3. Mchanganyiko huo ulikuwa na nishati pungufu kuliko chakula cha kawaida cha kuongezea lishe, na bado watoto walioupata waliongezeka uzito kwa kasi kubwa zaidi. Kwa mwongozo unaohesabu kilokalori peke yake, chakula hicho kingekatwa kwenye zabuni siku ya kwanza.

Najua pingamizi zinazokuja, kwa kuwa nimezisikia kwenye vikao. Nyingine ni za kweli. Unga usiokobolewa hauhifadhiki kwa muda mrefu, maana kiini cha nafaka kina mafuta na mafuta huvunda. Mtunza bohari anayelalamika hakosei, na dawa yake ni kusaga kidogokidogo karibu na siku ya kupika. Sumukuvu hujikusanya zaidi kwenye tabaka za nje za nafaka, kwa hiyo anayetaka nafaka nzima sharti apime na akaushe vizuri, asije akawapa watoto nyuzinyuzi pamoja na sumu. Fitati zilizomo kwenye maganda hupunguza ufyonzaji wa chuma na zinki. Kuloweka, kuotesha na kuchachusha hupunguza tatizo hilo, na wapishi walijua kufanya hivyo kabla ya sisi kuwa na jina la fitati. Tumbo lisilozoea litajaa gesi ukilipandishia kiwango ghafla. Pandisheni kwa wiki kadhaa, kunde zilowekwe na maji ya kulowekea yamwagwe, maji ya kunywa yawepo ya kutosha.

Pingamizi kwamba watoto hawatakula, hiyo siikubali kirahisi. Watoto hula kilichopikwa vizuri. Maharage yaliyopikwa hadi yakawa tope, bila kitunguu, bila chumvi ya kutosha, hata mimi nayaacha. Hilo ni suala la mpishi na muda wa jiko, na mnaweza kulitatua bila kumsingizia mtoto.

Vyakula vilivyochachushwa navyo vistahili nafasi. Stanford mwaka 2021 waliwagawa watu wazima 36 katika makundi mawili kwa wiki 10. Waliokula vilivyochachushwa kwa wingi walipata bakteria wa aina nyingi zaidi, na protini 19 zinazoashiria mchochota kwenye damu zikapungua. Kundi la nyuzinyuzi halikuongeza aina za bakteria ndani ya muda huo, na nalisema hapa ili msije mkaambiwa na mwingine kwamba nimelificha. Pengine muda ulikuwa mfupi. Pengine wenye kuzichachua walikuwa wameshapotea, kama kwa wale panya wa vizazi vinne.

Lebo nazo ni zenu. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2011, pakiti ya chakula lazima itaje nishati, mafuta, mafuta yaliyoshiba, kabohaidreti, sukari, protini na chumvi. Nyuzinyuzi ni hiari. Marekani ni lazima zitajwe. Orodha ya lazima ya miongozo ya Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, nayo haina nyuzinyuzi. Mnunuzi wa taasisi anayesoma pakiti isiyotaja atajazaje safu ninayoiomba? Mkiandika kwenye zabuni kwamba bidhaa isiyotaja gramu za nyuzinyuzi haipokelewi, wazalishaji watazitaja bila kusubiri sheria, maana wateja wakubwa ni ninyi.

Ninachoomba, basi, ni namba za mwaka 2023 ziingie kwenye mwongozo wenu kwa kila rika. Kiwango cha ukoboaji wa nafaka kiandikwe kwenye masharti ya mzabuni na kipimwe getini kama unavyopimwa unyevu. Kunde ziwe chakula cha kila siku badala ya kujazia siku nyama ilipokosekana. Ratiba ihesabu aina za mimea zilizoliwa kwa wiki, maana bakteria tofauti hula nyuzinyuzi tofauti na kabichi peke yake mwaka mzima haitoshi. Na kadi ya mlo laini iwe na tarehe ya kukaguliwa na jina la daktari au mtaalamu wa lishe atakayeikagua. Mabaki ya sahani yapimwe pia. Nyuzinyuzi zilizoishia kwenye pipa hazikumlisha yeyote.

Naomba nijibiwe kwa maandishi, na jibu liwe na mambo mawili tu: mlo mnaoutoa sasa una gramu ngapi za nyuzinyuzi kwa mtu kwa siku, hata kama namba yenyewe inatia haya; na ni ofisa wa cheo gani atakayewajibika isipofikia kiwango.

Wenu katika kazi,

Mtaalamu wa lishe